Lugha ya Mama Yake Zoe

"Nimeshamwandikisha Zoe darasa la Kikantoni," Ka-Ho alisema, huku akimwekea mama yake kipande cha samaki kwenye bakuli. "Anaanza Jumamosi ijayo."

Cherono alikuwa ameinua kijiko cha supu. Akakirudisha bakulini bila kukionja.

"Umemwandikisha lini?"

"Jana."

"Jana tulikuwa pamoja jioni nzima, Ka-Ho. Hukunigusia hata kidogo."

Ka-Ho alitabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Ndilo lililomwangusha Cherono mwaka uliopita, siku mwanamume huyu fundi wa lifti alipoingia chumba cha eksirei akiwa amevunjika mkono, akamwuliza yeye mpiga picha kama mashine yake ingeweza kuonyesha na moyo. Lakini leo, mezani, tabasamu lilipita pembeni yake kama upepo.

"Ni darasa la lugha tu, Chero. Jumamosi asubuhi. Sikudhani ni jambo la kufanyia kikao."

Sikudhani! Cherono alimtazama. Kwa wiki kadhaa walikuwa wamelizungumza jambo hilo hilo, kwenye simu, kwenye treni, wakitembea bega kwa bega katika bustani ya Regent Park. Kituo cha jumuiya kilikuwa na madarasa mawili ya Kichina kwa watoto, Kimandarini chumba hiki na Kikantoni chumba kile, saa ile ile. Mtoto mmoja hawezi kukalia viti viwili. Ilibidi kuchagua, na Cherono aliamini kwamba bado walikuwa wanachagua.

Bi. Leung, mama yake Ka-Ho, aliendelea kula kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa mjane kutoka Hong Kong, mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana. Tangu mkwewe, mama yake Zoe, afariki, yeye ndiye aliyekuwa akimpikia mjukuu, akimwogesha, akimpokea mlangoni mwa shule. Ilimchukua muda mrefu kumkubali Cherono. Mwanzoni alikuwa akimwambia mwanawe, kwa Kikantoni na mbele ya Cherono mwenyewe, mambo ambayo Ka-Ho alikataa kuyafasiri. Siku hizi alimpakulia supu kwa mkono wake. Mezani pale walizungumza Kiingereza, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeinyonya kwa mama.

"Vizuri," Bi. Leung alisema. "Kikantoni lugha ya nyumba hii."

"Na Kimandarini ni lugha ya mama yake," Cherono alisema.

Zoe, mtoto wa miaka sita mwenye mwanya uliofanana na dirisha dogo, aliacha kuchezea wali wake. Akamtazama baba, kisha bibi, kisha Cherono.

"Zoe, nenda ukachore," Ka-Ho alisema. Mtoto alipotoweka chumbani, akageuka. "Kwa nini umesema vile mbele yake?"

"Nimesema uongo?"

"Mama yangu anaishi hapa. Anaongea naye kila siku. Yule bibi mwingine yuko Tianjin, upande wa pili wa dunia. Na zile simu zake za video zinamliza mtoto, umejionea mwenyewe. Nafikiria kumwomba bibi yake tupunguze. Sikukuu pengine. Mwaka mpya."

"Mwaka mpya!" Cherono alipaza sauti. "Mwanamke amemzika binti yake wa pekee kwa simu kwa sababu hakupata viza mapema, na sasa unataka mjukuu wake amwone kama anavyoona fataki? Mara moja kwa mwaka?"

"Cherono."

"Zoe alikuwa akiongea Kimandarini! Wewe mwenyewe uliniambia. Alikuwa na miaka mitatu na aliongea kama kasuku. Kilikwenda wapi? Hakikupotea chenyewe, Ka-Ho. Kuna mtu aliacha kumsemesha."

Uso wa Ka-Ho ulibadilika, ukawa mgumu.

"Hili ni suala la familia," alisema polepole. "Bado si lako."

Aliyasema maneno hayo kwa sauti ya chini, bila kelele, na ndiyo maana yalimkata zaidi. Cherono alisimama. Alichukua koti lake kwenye kiti, akamwinamia Bi. Leung kwa heshima, kwa maana kosa halikuwa la supu.

"Asante kwa chakula, mama. Ka-Ho, siku suala likiwa langu, utaniambia. Usiniambie baada ya kuandikisha."

Njia nzima, katika treni na kisha katika basi la kwenda kwake Rexdale, neno lile halikumtoka kichwani. Si langu! Basi ni nani aliyekuwa akikaa na ile simu kila Jumapili?

Maana Ka-Ho hakuwahi kukaa. Jumapili asubuhi, ambayo Tianjin ilikuwa Jumapili usiku, simu ya video ilipoanza kulia, Ka-Ho alikumbuka ghafla kwamba takataka hazijatolewa. Bi. Leung alifungulia televisheni. Na Zoe, ambaye aliogopa ile sauti yenye upendo iliyomwuliza maswali asiyoyaelewa, alikimbilia bafuni na kujilaza ndani ya hodhi kavu, na nguo zake zote, akajifunika taulo.

Mara ya kwanza Cherono aliipokea simu kwa kuona haya kuiacha ilie. Akakutana na uso wa mwanamke mzee aliyevaa miwani, aliyesogea karibu sana na kioo hata likaonekana paji la uso tu. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Cherono alipunga mkono. Mwanamke akapunga. Cherono akamwonyesha michoro ya Zoe ukutani. Mwanamke akamwonyesha mandazi ya mvuke aliyopika, kisha sweta ya manjano aliyokuwa akiifuma, akaipima hewani kwa mikono miwili, macho yakiuliza: amefika hapa? Cherono alitikisa kichwa na kuinua kiganja juu zaidi. Amekua, mama. Amekua kuliko hapo. Mwanamke alicheka, kisha akavua miwani na kujifuta macho, na Cherono hakuwa na lugha ya kumwambia pole.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Na sasa aliambiwa si suala lake.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana hospitalini, alimweleza Anti Luiza. Luiza alikuwa Mgoa aliyezaliwa Mombasa, mama wa makamo aliyefanya kazi mapokezi, msalaba mdogo wa dhahabu shingoni na Kiswahili cha pwani kilichonyooka kuliko cha Cherono mwenyewe.

"Mwanangu," Luiza alisema baada ya kusikiliza yote, "we una wazimu. Mama mkwe kakukubali. Bwana anakupenda. Harusi i mlangoni. Wewe waenda kugombana kwa sababu ya nani? Ya mke mwenziyo?"

"Si mke mwenzangu, Anti. Ni marehemu."

"Marehemu ndiye mke mwenza mbaya zaidi. Hazeeki, hakosei. Wenzio wote huomba mume asahau, we wataka akumbushwe kila Jumamosi! Tena kwa lugha yake!"

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Nyamaza, kula supu yako. Ukishaingia ndani, utajua la kufanya."

Cherono alisukuma sahani kando. "Mimi nilikuwa na mama wa kambo aliyefikiri hivyo hivyo, Anti. Alikuwa mwema. Hakunipiga hata siku moja. Alinifuta tu."

Luiza aliweka uma chini. Akamshika mkono. Baadaye, wakirudi kazini, alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba anazungumza na lifti, "Kwetu baba alikataza Kikonkani. Alisema tutachekwa shuleni. Nyanya yangu alikuwa akisali rozari peke yake, sisi tumekaa kama mabubu." Kisha mlango ukafunguka na watu wakaingia.

Jumatano jioni Ka-Ho alikuja Rexdale bila kuitwa. Cherono alimkuta amekaa kwenye benchi mbele ya jengo la ghorofa alimoishi, mikono mifukoni, upepo wa Septemba ukimpeperusha nywele. Alipomwona, moyo wake ulimsaliti. Uliruka kama zamani. Akaukemea.

"Hupokei simu," Ka-Ho alisema.

"Sikuwa na la kusema ambalo ni langu."

"Chero, nisamehe lile neno. Nilikosea." Alisogea kumpisha. Cherono alikaa, lakini mwishoni kabisa mwa benchi, begi lake katikati yao kama ukuta. "Lakini sielewi. Kweli sielewi. Nilidhani ungefurahi. Mama akipata anachotaka, anatulia. Akitulia, anakupenda. Nilikuwa nakurahisishia wewe."

"Kwa kunirahisishia mimi umemfunga mdomo mtoto?"

"Mbona una hasira namna hii? Hata humfahamu Jingwen!"

Jina hilo la marehemu mkewe Ka-Ho alilitaja kwa nadra. Lilipotoka, wote wawili walilisikia.

"Nilikuwa na umri wa Zoe mama yangu alipofariki," Cherono alisema. "Alikuwa Mkipsigis wa Bomet. Baba alikuwa Mkamba, tukiishi Nakuru. Baba akaoa tena, na nyumbani ikabaki Kiswahili na Kikamba. Mama mpya alisema lugha ile ya mama inanitia huzuni, niache kuisema, nitapona haraka. Nikaacha. Nilikuwa mtoto mtiifu. Nilipokuwa msichana mkubwa nikapanda gari kwenda Bomet kumtafuta kogo wangu, mama yake mama. Nikamkuta. Alinishika uso kwa mikono miwili, akazungumza. Alizungumza, Ka-Ho, hadi chai ikapoa. Alikuwa analia na kucheka. Alipomaliza, nikamgeukia binamu yangu: amesema nini? Unajua alinifasiria nini? 'Anasema unafanana na mama yako.' Basi! Yote yale! Sentensi moja! Mengine yalikwenda wapi? Aliniambia nini kuhusu mama yangu? Alifariki kabla sijarudi. Sitajua kamwe."

Hakutaka kulia. Alitaka kugomba.

Basi lilisimama barabarani, likashusha watu wenye sare za ghala, likaondoka.

"Hukuwahi kuniambia," Ka-Ho alisema.

"Hukuwahi kuuliza. Huulizi, Ka-Ho. Unaandikisha."

Aliinamisha kichwa. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba kitu kizito akitafuta pa kukitua.

"Nilijifunza Kimandarini kwa ajili yake," alisema. "Wakati wa uchumba. Alinicheka kila siku, alisema nazungumza kama mbuzi mlevi. Lakini tulizungumza hicho tu. Tukipendana, tukigombana. Hospitalini, mwisho mwisho, hicho hicho. Sasa nikikisikia hata dukani naacha vitu kwenye foleni natoka. Juzi kwenye basi kuna mwanamke aliongea na simu kwa lafudhi ya Tianjin, nikashuka kituo si changu. Si mama yangu anayekikataza nyumbani, Chero. Ni mimi. Mama nimemfanya kisingizio."

Wivu ulimchoma Cherono, mwembamba kama sindano. Kwa hiyo Luiza alisema kweli. Huyu aliyemchagua kwa moyo wake wote bado alikuwa anashuka kwenye mabasi kwa ajili ya mwingine. Ingekuwa rahisi sana kusema: basi, mpenzi, tuache, Kikantoni kinatosha. Angekumbatiwa pale pale. Angepata amani.

"Pole," alisema, na alimaanisha. "Lakini wewe unazo kumbukumbu zake zote. Hata kicheko chake unacho. Zoe ana nini? Ana bibi mmoja kwenye simu anayeweza kumsimulia mama yake alivyokuwa mtoto, na wewe unataka kumkata hicho, kwa sababu kinakuuma wewe! Huzuni ni yako, Ka-Ho. Deni lake kwa nini alipe mtoto?"

"Mama je? Ataona nimemtupa."

"Mama yako anaye Zoe asubuhi, mchana na jioni. Wanagombana kwa Kikantoni, wanapika kwa Kikantoni. Hicho mtoto anakinywa na supu, hakuna atakayemnyang'anya. Kile kingine kisipopata Jumamosi asubuhi, hakina pa kuishi."

Ka-Ho alinyoosha mkono juu ya begi. Cherono aliuangalia ule mkono anaoupenda, wenye kovu la upasuaji karibu na kiganja, na hakuushika.

"Kuna jambo jingine, na hili ni langu," alisema. "Unataka kunioa. Mimi nikifa, Kiswahili changu utakifungia kwenye kabati gani? Nikikuzalia mtoto, utamwambia asikiseme, kinakuuma?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema! Siwezi kuingia nyumba ambamo mtu akifa anafutwa mpaka sauti. Tusimamishe harusi."

"Chero..."

"Tusimamishe. Sijasema sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningekula supu nikanyamaza."

Aliingia ndani bila kugeuka nyuma, na katika lifti, mbele ya mama mmoja wa Kisomali na mifuko yake ya sokoni, machozi yalimtoka kwa hasira hadi yule mama, bila kuuliza lolote, akamsogezea pakiti ya karatasi laini.

Jumapili asubuhi alivaa koti akaenda Regent Park. Alikuwa na hasira na Ka-Ho, si na mwanamke mzee wa Tianjin, ambaye angepiga simu kama kawaida na kukuta hakuna wa kumpungia mkono.

Bi. Leung ndiye aliyefungua mlango. Hakumpisha mara moja.

"Wewe umefanya haya," alisema.

"Nimefanya nini, mama?"

"Yule msichana alikaa nyumba hii miaka mingi. Hakujifunza kuniambia supu tamu. Mimi napika, yeye anacheka na mwanangu kwa lugha yao. Mimi kama kiti." Alijipiga kifuani. "Sasa mtoto pia? Mimi kiti tena?"

Cherono alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakujiandaa kwa hili. Hasira yake ikayumba, lakini haikuanguka.

"Na wewe, mama, ulijifunza kumwambia asante kwa lugha yake?"

Macho madogo ya Bi. Leung yalikwenda kando, kwenye viatu vya mjukuu vilivyopangwa mlangoni.

"Hapana," alisema.

"Zoe hatakugeuza kiti. Nani atakayemruhusu? Mimi?"

Mwanamke mzee alimpima kwa macho, kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akasogea.

Zoe alimrukia kabla hajavua koti. "Chero! Jana nilienda Kimandarini! Baba alikaa nyuma ya darasa akalia! Mwalimu akampa tishu!"

"Baba yako alifanya nini?"

"Alilia! Watoto wote walimwona!"

Cherono alisimama palepale ukumbini. Televisheni ilikuwa imezimwa. Kutoka mezani aliisikia sauti ya Ka-Ho, lakini haikuwa sauti aliyoizoea. Ilipanda na kushuka kwa namna asiyoijua, ilisita, ilijirekebisha, ikaendelea. Alisogea mlangoni. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye birika, na ndani yake paji lile la uso, miwani ile. Mwanamke wa Tianjin alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Ka-Ho alizungumza huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta, na kila aliponyamaza, yule mama alimwitikia kwa sauti laini, kama anayemvusha mtu daraja.

Zoe alipanda kwenye goti la baba yake. Akakaza uso, akasema neno alilolikariri darasani, moja, polepole. Bibi kwenye simu alilia kwa sauti. Zoe aliruka kwa hofu, akamtazama Cherono: nimekosea? Cherono alitikisa kichwa. Hujakosea, mwanangu. Mtoto akalirudia neno, safari hii kwa nguvu, na hakukimbilia bafuni.

Nyuma ya Cherono, Bi. Leung alikuwa amesimama na mwanasesere wa Zoe mkononi, hasogei mbele, harudi nyuma.

Kisha mwanamke wa Tianjin akajifuta uso, akasogeza miwani, akanyoosha kidole kwenye kioo. Alikuwa amemwona Cherono mlangoni. Aliuliza jambo, akaliuliza tena. Ka-Ho aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu Jumatano, na yalipokutana na ya Cherono hayakutafuta mahali pa kujificha.

"Anauliza nini?" Cherono alisema.

"Anauliza wewe ni nani. Anasema Jumapili zote hizi amekuwa akitaka kujua, hakuwa na wa kumwuliza."

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu. Nimemwambia asubiri. Nimesema lazima nikuulize wewe kwanza."

Cherono hakuharakisha. Wiki nzima alikuwa na hasira, na sehemu yake ilikuwa bado hai, yenye haki yake, wala hakutaka kuifukuza kwa sababu tu mwanamume mzuri amelia. Lakini alikuwa ameulizwa. Alivuta kiti, akakaa upande wa Ka-Ho, karibu, bila begi katikati.

"Mwambie naitwa Cherono," alisema. "Mwambie mtoto amekua, sweta aiongeze mikono. Hayo mengine, ya mimi na wewe, niulize mwenyewe, kwa mdomo wako, akishakata simu."